Juma moja la Machi 2000: uvumi wa mashine mpya na koltani ya Kivu

Swali linalotufikia sana siku hizi kutoka kwa wasikilizaji, hasa vijana wenye sekretariati za kuandika barua na kutoa fotokopi, ni hili: ninunue kompyuta sasa, ama ningoje ile mpya inayosemwa kwamba inakuja? Mmoja amesikia kwamba Windows yake haihudumiwi tena. Mwingine ameambiwa dukani kwamba RAM imepanda bei na itapanda zaidi, kwa hiyo alipe leo. Nitawajibu hapa chini. Lakini swali hilo lina historia yake, na sehemu nzito ya historia hiyo ilipita kwetu: Masisi, Walikale, Kalehe, Shabunda. Wengi walioilipia hawakuwa na kompyuta, na wengine hawakuwa wameiona hata moja.

Tuanzie Marekani. Mwaka 1981 bwana Adam Osborne alianza kuuza kompyuta iliyoitwa Osborne 1, kwa bei ya dola 1,795. Ilisifiwa kuwa ya kubebeka, ingawa ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Kwa kipimo hicho hata gunia la makala ni la kubebeka. Iliuzwa vizuri sana. Halafu mwaka 1983 ikaanza kusemwa kwamba kampuni hiyo inaandaa mashine nzuri zaidi. Wenye maduka wakasimamisha komande zao, wakawa wanangoja. Septemba mwaka uleule kampuni ikafilisika. Tangu hapo, watu wa biashara wakiona kampuni inatangaza kitu kipya mapema mno na kuua kile cha zamani kabla hakijauzwa, wanakumbuka jina la Osborne. Kuna wanaobisha, wakisema kilichomwangusha zaidi ni ushindani, maana Kaypro ilitoa mashine yenye kioo kikubwa zaidi, na kompyuta za mfano wa IBM zilikuwa zimeshaingia sokoni. Wana haki kwa sehemu. Lakini duka ambalo limesimamisha komande halijali sababu ni ipi, pesa haziingii.

Uvumi wa namna hiyo haukutoka hewani. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika kwamba idadi ya vipande vidogo vinavyoingia ndani ya chipu moja inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Yalikuwa makadirio tu ya mtu mwenye macho. Viwanda vikayageuza kuwa kalenda. Kila mtu akajua kwamba mashine ya mwaka huu itazeeka, na kwamba nyingine iko njiani. Kilichobaki kubahatisha kilikuwa siku na bei. Majarida yaliishi kwa kubahatisha huko, na wenye hisa pia.

Sasa tufike kwenye juma ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Tarehe 4 Machi 2000, Sony ilianza kuuza PlayStation 2 huko Japani. Tarehe 6, kampuni ya AMD ikatoa prosesa yake ya kwanza ya kasi ya gigahezi 1. Siku mbili baadaye, tarehe 8, Intel nayo ikatangaza yake ya kasi hiyohiyo ili isionekane imeachwa nyuma. Tarehe 10, soko la hisa la Nasdaq, ambako kampuni nyingi za kompyuta na intaneti ziliandikishwa, likafunga siku juu ya pointi 5,000, kilele ambacho halikukifikia tena kwa miaka kumi na mitano. Siku saba tu. Ukiongeza simu za mkononi, ambazo zilikuwa zinaenea dunia nzima kwa kasi kuliko kitu kingine chochote, utaelewa kwa nini wenye viwanda waliamini kwamba mwaka ule mahitaji hayatakuwa na mwisho.

Ndani ya simu, kompyuta na mashine za mchezo kuna kipande kidogo ambacho mafundi wetu wanakiita kondensateri. Kazi yake ni kushika umeme kidogo na kuutoa sawasawa, ili prosesa isikose wala isizidishiwe. Ziko za aina nyingi, lakini mashine ikiwa ndogo na yenye kazi nzito, ile iliyotengenezwa kwa madini ya tantalu ndiyo iliyopendwa: inashika umeme mwingi katika nafasi ndogo, na haisumbuliwi haraka na joto. Tantalu hutoka katika mawe ambayo duniani yanaitwa tantalaiti. Kwetu, kwa sababu yamechanganyika na kolumbaiti, tunayaita koltani.

Wakati ule mzalishaji mkubwa wa tantalu duniani hakuwa Congo. Alikuwa Australia, kwenye migodi ya kampuni ya Sons of Gwalia, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa imeshauzwa kwa mikataba ya miaka mingi, bei ikiwa imefungwa. Kwa hiyo mtu aliyehitaji ziada ya haraka hakuipata Australia. Alilazimika kwenda katika soko la wazi, na soko la wazi lilikuwa dogo. Hapo uvumi ukafanya kazi yake. Viwanda vya simu na kompyuta, vikisikia kwamba kondensateri zitakosekana, vilianza kukomande mara mbili, mara tatu, kwa watengenezaji tofauti, vikijua kwamba vitafuta komande nyingine vikishapata mali. Watengenezaji wa kondensateri wakahesabu komande hizo zote kana kwamba ni za kweli, nao wakakimbilia unga wa tantalu. Wasafishaji wa unga, wakubwa wao wakiwa Cabot wa Marekani na H.C. Starck wa Ujerumani, wakatafuta mawe. Mashine moja ikaonekana kama mashine tatu. Bei ya tantalu, ambayo mwanzoni mwa mwaka 2000 ilikuwa dola thelathini na kitu kwa ratili (ratili moja ni chini kidogo ya nusu kilo), ikakaribia dola 300 mwezi wa Desemba.

Kivu ilikuwa tayari kwa hilo, kwa njia ya huzuni. Kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za wakoloni za Kivu na Maniema, ilikuwa imeishi kwa kasiteriti, yaani madini ya bati. Bati lilipoanguka duniani mwaka 1985, SOMINKI ikaanza kufa taratibu, na katika miaka ya 1990 ikafungwa kabisa. Mobutu alikuwa ameshawaruhusu raia kuchimba wenyewe tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Wafanyakazi waliokosa mishahara walibaki na ujuzi, nyundo na mashimo. Halafu vita: Masisi mwaka 1993, kuvuka kwa wakimbizi mwaka 1994, vita ya 1996, na tena Agosti 1998. Ng'ombe wa Masisi walikuwa wamekwisha kuporwa. Watu waliokimbia mashamba yao hawakuwa na la kupanda wala mahali pa kupanda. Bei ya koltani ilipopanda, haikukuta vijana walioacha maisha mazuri wakafuata tamaa, kama wengine wanavyopenda kuandika. Wengi wao iliwakuta mikono mitupu.

Wakaingia milimani. Wakulima wakaacha mihogo na maharagi, wanafunzi wakaacha madarasa, na walimu wasiolipwa wakawafuata wanafunzi wao. Kwenye mashimo kila mtu alikuwa na cheo, na mwenye shimo aliitwa PDG, kama mkuu wa kampuni. Chakula kikapanda bei huko juu, maana wale waliokuwa wakikilima sasa wanakinunua. Mjini Goma na Bukavu kontwari zilifunguliwa moja baada ya nyingine, nyumba zikajengwa, bia ikanywewa. Watafiti wa Pole Institute wa Goma waliandika mapema mwaka 2002 juu ya hali hiyo yote, na anayetaka kujua undani wake aanzie hapo. Katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega wachimbaji walikuwa wengi na chakula kilikuwa nyama ya porini. Tembo wa milimani karibu waishe, na sokwe wengi waliuawa.

Wenye bunduki nao walihesabu. Mwezi wa Novemba 2000, waasi wa RCD waliotawala Goma na Bukavu waliipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kununua na kusafirisha koltani yote. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, iliyotoka Aprili 2001, iliandika kwamba kiongozi wa RCD, Adolphe Onusumba, alisema koltani inawaletea karibu dola milioni moja kwa mwezi. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba jeshi la Rwanda lilipata angalau dola milioni 250 katika miezi 18. Hayo ni makadirio yaliyofanywa kwa bei ya juu, na kama tutakavyoona, bei ya juu haikukaa. Lakini hata ukiyapunguza kwa nusu, hakuna shule wala barabara ya Walikale iliyoyaona.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana jambo hili linanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Agosti 2000 Intel ililazimika kurudisha prosesa yake mpya ya gigahezi 1.13, iliyokuwa imetangazwa mwezi mmoja tu kabla, kwa sababu ilikuwa na kasoro. Ilikimbizwa sokoni mno. Tarehe 21 Septemba Intel ikatangaza kwamba mapato yake yatakuwa chini ya yaliyotarajiwa, na kesho yake hisa zake zikaanguka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Mwezi wa Oktoba Sony ilipofika Marekani na PlayStation 2, ilileta mashine 500,000 badala ya milioni moja iliyoahidi, kwa kukosa vipande. Watu wakalala nje ya maduka. Kwa hiyo katika muda wa majuma machache kulikuwa na habari mbili zinazopingana: moja inasema mahitaji yanapoa, nyingine inasema mali haitoshi.

Kivu ilipokea ile ya pili tu. Mnunuzi alifika na bei kubwa kuliko ya juma lililopita, na bei hiyo ndiyo iliyokuwa habari yote. Hakuna aliyewaeleza wachimbaji kwamba komande zilizoko nyuma ya bei ile zimehesabiwa mara mbili, au kwamba Intel imeshatoa onyo tangu Septemba. Ni nani angewaeleza? Radio Maendeleo ya Bukavu ilikuwa imefungwa na RCD mwaka 1999. Radio Okapi haikuwapo bado. Ilianza Februari 2002. Novemba na Desemba, mtu wa Numbi au Rubaya aliyekopa pesa ili afungue shimo, anunue chakula cha vijana wake na alipe wanajeshi njiani, alikuwa anaweka pesa zake kwenye bei iliyokuwa imekaribia mwisho wa safari. Hakuwa mjinga. Wakubwa wa viwanda vya Marekani, wenye hesabu na washauri, walifanya kosa hilohilo: mwaka 2001 kampuni ya Cisco ilifuta katika vitabu vyake zaidi ya dola bilioni mbili za mali na vipande ilivyokuwa imekomande kwa mahitaji ambayo hayakuja. Tofauti ni kwamba Cisco iliandika hasara hiyo kitabuni na ikaendelea.

Kuanguka kulikuja haraka. Simu hazikuuzwa kama ilivyotarajiwa, kampuni za intaneti zikafa, komande za mara tatu zikafutwa, na watengenezaji wakakuta maghala yao yamejaa. Baadhi ya wahandisi walikuwa wameshajifunza kutumia kondensateri za seramiki mahali pa zile za tantalu, na hawakurudi nyuma. Kufikia mwisho wa mwaka 2001 bei ilikuwa karibu na pale ilipoanzia. SOMIGL haikumaliza hata mwaka na haki yake ya peke yake. Waliokopa wakabaki na deni. Mashamba yalikuwa yamegeuka pori, na katika vilima vingi ardhi iliyochimbwa haikufaa tena kulimwa. Waliokuwa na silaha ndio hawakupata taabu sana: bei ikishuka, mtu wa silaha anaongeza ushuru, au anahamia kwenye kasiteriti, dhahabu, makala.

Kuna mambo mawili yanayorudiwa sana, hata na ndugu zetu wa mashirika ya kiraia, ambayo naomba tuyaache. La kwanza ni kwamba vita yetu ilikuwa vita ya PlayStation. Vita ilianza Agosti 1998, mwaka na nusu kabla ya mashine hiyo kuuzwa, na ilikuwa na mizizi ya ardhi, uraia na mamlaka ambayo ni ya zamani kuliko kompyuta yoyote. Tena simu zilikula tantalu nyingi kuliko michezo. Mashine hazikuwasha moto. Zilileta kuni wakati moto unawaka. La pili ni ile hesabu kwamba Congo ina asilimia 80 ya koltani ya dunia. Inasemwa kila mahali, kwenye mabango na kwenye hotuba, lakini haina kipimo cha jiolojia nyuma yake. Kuidai ni kujidanganya juu ya nguvu yetu sokoni: mwaka 2000 dunia ilitugeukia kwa sababu tulikuwa wepesi kufikiwa, bila mkataba na bila serikali, na ilipopata mali mahali pengine ikatuacha.

Miaka iliyofuata ilileta sheria. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinataka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Congo au kwa majirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa raia katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Kwa familia nyingi hiyo ilikuwa miezi sita ya njaa, na baada yake wanunuzi wengi wa ng'ambo hawakurudi. Ikaja kazi ya kufunga mifuko kwa lebo zenye namba. Januari 2014 mkuu wa Intel, Brian Krzanich, alisimama Las Vegas akatangaza kwamba prosesa zao sasa hazina madini ya vita. Sitaki kudharau jambo hilo. Ilikuwa kampuni ya kwanza kubwa kusema hivyo hadharani. Lakini lebo inafungwa kwenye mfuko, na mfuko unaweza kubadilishwa njiani, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika zaidi ya mara moja.

Leo tuko tena katika majira ya uvumi. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inakataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hivi. Ndiyo sababu mashine nyingi za ofisi za Ulaya zinatupwa sokoni, na baadhi zitatufikia. Wakati huohuo watu wa akili bandia wanajenga maghala ya kompyuta yanayokula RAM kwa wingi. Mwezi Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaacha kuuzia watu wa kawaida RAM zake za jina la Crucial ili ihudumie wateja hao wakubwa. Bei zimepanda kweli; mwenye duka hakudanganya katika hilo. Ni komande ngapi kati ya hizo ni za kweli, na ngapi zimehesabiwa mara mbili, hilo ndilo swali ambalo mwaka 2000 halikuulizwa kwa sauti.

Na Rubaya? Ilitekwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba kundi hilo linapata angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na ushuru wa koltani ya huko. Familia zilizoshuka kutoka Masisi zililala Bulengo na Rusayo, hadi kambi zilipovunjwa Februari 2025. Baadhi ya baba wa familia hizo walikuwa vijana wa mashimoni mwaka 2000. Kwa hiyo anayesikia leo kwamba "madini yatapanda kwa sababu ya akili bandia" na kufikiri kurudi kilimani kwa mkopo, aulize kwanza: bei hiyo ni ya lini, ya nani, na mnunuzi ameahidi kununua hadi lini?

Sasa jibu kwa wenye sekretariati. Kama mashine yako inaandika, inachapa na inafungua barua, usinunue nyingine kwa sababu ya uvumi. Kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka itabadilika sana ukiiwekea SSD, na hilo ni rahisi kuliko mashine nzima. Ukihitaji RAM, mpe fundi kipande chako cha zamani aone aina yake kabla hujalipa, kwani DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Kama Windows 11 inakataa, Linux ni ya bure na inaendesha mashine za miaka kumi bila shida. Fundi mwenye ujuzi ataiweka nusu siku. Na ukiletewa kompyuta iliyotoka Ulaya au Dubai, iombe iwashwe mbele yako, usome mwaka na aina ya prosesa yake, usimsikilize muuzaji anayesema itapokea Windows 11 "baadaye".